Aliyesimama Badala ya Mwajuma

Kabla ya kuanguka, Mwajuma Shekalaghe alikuwa mtu wa kusimama. Alisimama golini katika timu ya netiboli ya shule yake kule Muheza, akasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na alipofika Doha akasimama kwa miaka kwenye geti la kompaundi moja ya nyumba za familia huko Muaither, amevaa shati la kaki, hijabu nyeusi ya kampuni na barakoa ya kujikinga na vumbi. Kazi ya mlinzi, alipenda kuwaeleza wageni chumbani kwao, si kupigana na mtu. Ni kusimama mahali ili kila apitaye aone kwamba pana mtu.

Asubuhi aliyoanguka ilikuwa ya Januari, na upepo wa kaskazini ulikuwa unasukuma mchanga barabarani kama maji. Kizuizi cha chuma cha kuzuia magari kilianza kuinama. Mwajuma alikimbia kukishika, na kwa sekunde chache alikishika kweli. Kisha kikamzidi nguvu. Alianguka chali juu ya ukingo wa saruji, na chuma kikamfuata.

Wesley, msimamizi wa walinzi, Mkenya wa Eldoret, alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Huko walimpa dawa za maumivu, ruhusa ya kupumzika siku chache, na miadi ya kupigwa picha ya uti wa mgongo ambayo ilikuwa mbali, wiki nyingi mbele. Ruhusa ikaisha. Mguu wa kushoto ukawa bado unakufa ganzi kila alipojaribu kusimama kwa muda wa kuchemsha chai.

Chumba chao kilikuwa Al Thumama, ndani ya nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, ndege zikipita chini juu ya paa kuelekea uwanjani. Walilala watatu. Wa kwanza alikuwa Mwajuma. Wa pili alikuwa Bi Riziki, Mzanzibari mpishi wa hoteli, mwenye ulimi usiopumzika. Wa tatu alikuwa Proscovia, Mganda wa Masaka, ambaye alikuwa yaya katika nyumba moja huko Umm Salal mpaka siku alipotoka na mkoba mmoja asirudi tena. Tangu siku hiyo kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekufa, na alikuwa akienda dukani kwa kupitia vichochoro.

Miongoni mwa wanawake walinzi waliokuwa wakipandia basi la kampuni pale kwenye kona, palikuwa na desturi waliyoiita kushikiana. Mmoja akipata homa, mwenzake aliye zamu ya usiku huvaa kitambulisho chake na kumshikia posti mchana. Hakuna aliyeona kuwa ni udanganyifu. Mlinzi mgonjwa katika kampuni yao alikuwa mlinzi anayetafutiwa tiketi ya ndege, na kumshikia mtu posti kulikuwa sawa na kumletea uji. Msimamizi alipita na gari, akahesabu yunifomu, akaenda zake. Ndani ya barakoa na hijabu, alichoweza kuona ni urefu na macho.

Proscovia alikuwa na urefu wa Mwajuma. Siku ya kwanza alipoingia chumbani walikuwa wamesimama mgongo kwa mgongo, na Bi Riziki akaweka kitabu juu ya vichwa vyao, kikakaa bila kuinama upande wowote.

"Nitakushikia mpaka picha zitoke, nyabo," Proscovia alisema asubuhi ile ruhusa ilipoisha, akimwita mama kwa Kiganda. Tayari alikuwa amevaa shati. "Wewe lala. Geti si mtu, haliwezi kunijua."

Mwajuma alimfundisha kufunga hijabu, akamfundisha kuitikia salamu za madereva, na akamwonya asiimbe nyimbo za kanisani akiwa peke yake kibandani. Walicheka sana. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu Mwajuma kucheka bila kushika kiuno.

Wiki zikapita. Picha zilipopigwa, daktari wa kituo cha afya aliziangalia kwa muda mrefu kuliko Mwajuma alivyopenda. Alimweleza kwa upole kwamba pingili mbili za chini zilikuwa zimehama na kubana mishipa ya fahamu, na kwamba mtu mwenye mgongo wa namna hiyo hapaswi kusimama saa nyingi wala kuinua kitu, si mwezi huu wala mwaka ujao. Kisha akauliza kama bado anakwenda kazini. Mwajuma akasema hapana, tangu aanguke hajasimama kazini hata siku moja. Ilikuwa kweli, na daktari akaiandika.

Daktari huyo ndiye aliyemwambia kuhusu jopo. Lilikuwa jopo la madaktari wa serikali waliokaa kuamua kama mfanyakazi aliyeumia anaweza kurudi kazini au la. Mwajuma alisikia neno hilo kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Tangu mwaka wake wa kwanza Doha alikuwa akichangia kwa simu, kwa hiari yake, mfuko wa hifadhi ya jamii wa nyumbani. Mfuko ulikuwa na pensheni ya ulemavu kwa mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi, nao ulitaka neno la madaktari wa serikali ya mahali alipoumia. Jopo likisema hawezi, angerudi Muheza akiwa na kitu cha kumshikilia maisha yake yote. Likisema anaweza, angerudi na mgongo tu.

Hapo ndipo ilipofaa kumwondoa Proscovia getini. Bi Riziki alilisema hilo siku hiyohiyo, akimenya vitunguu.

"Picha zimetoka. Basi mwambie mwenzio avue."

Lakini tarehe ya jopo ilikuwa mwezi wa sita. Mwajuma akitoweka getini sasa, kampuni ingemsafirisha kabla madaktari hawajamwona. Na Proscovia alikuwa ameanza kula kwa sababu ya geti lile. Mshahara uliingia kwenye kadi ya Mwajuma nao wakaugawana. Kwa mara ya kwanza tangu atoroke Umm Salal alikuwa na njia ya kukusanya nauli ya kwenda kwao. Basi wakakubaliana waendelee kidogo.

"Haya," alisema Bi Riziki. "Ila mjue mnamtengeneza mtu wa tatu. Huyo hamtamweza."

Mwajuma alidhani ni maneno ya jikoni. Lakini kadiri siku zilivyokwenda alianza kumwona mtu huyo. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Proscovia alifunga. Hakuwa na la kufanya, kwa kuwa Mwajuma wa getini alijulikana kuwa Mwislamu, na dereva mmoja wa Kipakistani alikuwa akimletea tende kila jioni karibu na adhana. Alirudi midomo imekauka, akajitupa kitandani, akasema kwa majivuno kwamba leo hakumeza hata mate. Bi Riziki alimwambia kwamba peponi watagombana kuhusu mwenye thawabu zile. Proscovia alicheka, lakini keshoye alifunga tena, na hata Ramadhani ilipokwisha alikuwa bado anasema "geti langu", "watoto wangu", "yule mama wa nyumba ya pembeni alinisalimu". Alisimulia habari za getini kwa namna ambayo ilimfanya Mwajuma ajione kama mgeni aliyekuja kumtembelea.

Na Mwajuma wa getini alikuwa hodari. Hilo ndilo lililotisha. Proscovia, ambaye kosa dogo lingemfikisha mahabusu, hakufanya kosa hata dogo. Hakuchelewa, hakuketi, hakusinzia, hakubishana na dereva. Siku moja jua likiwaka alibeba mitungi ya maji ya kunywa ya mama mmoja mjamzito mpaka mlangoni kwake, na mama yule akapiga simu kwa kampuni kumsifu mlinzi wa getini.

Mwajuma alipata habari hiyo kwenye simu. Alikuwa amelala kwa ubavu, mto katikati ya magoti, wakati ujumbe wa kundi la walinzi ulipoanza kuingia, mlio juu ya mlio. Alifungua. Palikuwa na picha ya mwanamke mrefu aliyevaa barakoa, mgongo wake umenyooka kama mlingoti, Wesley kando yake akimkabidhi cheti. Chini yake Wesley alikuwa ameandika: Mlinzi bora wa mwezi, madam Mwajuma Shekalaghe, aliumia Januari, na tangu ruhusa yake iishe hajakosa zamu hata moja. Igeni mfano.

Watu wakaanza kumpongeza. Mwajuma alizikodolea macho zile pongezi zilizokuwa zinamjia yeye, aliyeshindwa asubuhi ile kujifunga kamba za viatu. Akajibu asanteni sana.

Jioni Proscovia alirudi na cheti amekificha ndani ya shati. Alieleza kwamba Wesley alimtaka ashushe barakoa kwa ajili ya picha, naye akakohoa na kusingizia mafua. Macho yake yaling'aa alipokuwa anasimulia.

"Sijawahi kupewa cheti," alisema. "Hata shuleni."

Wakakibandika ukutani, juu ya kitanda cha Mwajuma, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Kuanzia siku hiyo alilala chini ya sifa za mgongo usiokuwa wake.

Joto la mwezi wa sita lilipofika, ukuta wa chumba ulikuwa ukiungua mpaka jioni. Ijumaa kabla ya jopo, Proscovia alikuwa akipiga pasi yunifomu juu ya godoro, na Mwajuma akamwambia jambo alilokuwa amelibeba wiki nzima. Alimwomba siku ya jopo asiende getini.

Proscovia aliweka pasi wima. Akauliza nani angemwombea ruhusa. Ruhusa hupitia kwa Wesley, na Wesley angeuliza ni ya nini, na kama angeambiwa ni ya jopo, angeuliza tena mlinzi bora ana shida gani na jopo. Wito wa jopo ulikuwa umepitia ofisini, kwa Eugene, karani wa mambo ya wafanyakazi, na ofisi na wasimamizi hawakuwa wakiambiana hata kwamba mvua inanyesha. Kutokwenda bila ruhusa nako kungemleta Wesley hadi mlangoni kwao kumtafuta, na humo ndani angemkuta nani?

"Ni nusu siku tu," Proscovia alisema. "Wewe unakwenda hospitali, mimi ninakwenda geti. Nani atatuona wote wawili kwa mara moja? Wakikuandikia, na mimi ninavua hii nguo, ninajipeleka kwa watu wa uhamiaji, ninarudi Masaka. Nimeapa."

Bi Riziki aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni alifunika sufuria kwa kishindo. Kishindo hicho kilimsumbua Mwajuma kuliko kama angetukana.

Siku ya jopo Eugene alimfuata kwa gari la ofisi. Alikuwa kijana wa Kisumu, msafi, mwenye maneno mengi, na hakuwahi kukutana na Mwajuma ana kwa ana kabla ya hapo. Alimwona akiingia garini kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili, akatabasamu.

"Madam, hiyo drama wekea daktari," alisema. "Si wewe ndiye yule wa cheti?"

Njia nzima alizungumza kwa uchangamfu. Alimweleza kwamba kampuni haina ubaya naye, ila haiwezi kukubali mlinzi bora aitwe mlemavu, maana kesho wote watalala. Alikuwa amechomoa kwenye faili taarifa ya Wesley ya mlinzi bora na ile picha, imechapishwa kwa ukubwa, ndani ya bahasha.

Chumba cha jopo kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na meza ndefu. Madaktari walikuwa watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mama wa makamo, mwenye shela nyeusi na miwani iliyoshuka puani. Alizungumza Kiingereza cha polepole ili Mwajuma aelewe. Alisifu kwanza kwamba picha za uti wa mgongo zilikuwa wazi. Alisema kwa mgongo ule jopo lisingehitaji dakika nyingi. Mwajuma alihisi machozi ya nafuu yakimpanda.

Kisha Eugene akafungua bahasha.

Daktari alisoma. Akaitazama picha ya mwanamke mrefu wa getini, akamtazama Mwajuma, akarudi kwenye picha. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa kali, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha Mwajuma.

"Uliiambia hospitali hujasimama kazini tangu uanguke. Kampuni inasema umesimama kila siku. Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

Mwajuma aliona majibu yote mawili yakiwa mezani. Moja lilikuwa na Muheza ndani yake, pensheni, na kiti cha kukalia hadi uzeeni. Ndani ya jibu hilohilo alikuwamo Proscovia, mwanamke asiye na kibali, aliyevaa yunifomu ya ulinzi na jina la mtu mwingine kwenye geti la nyumba zenye watoto. Hilo halikuwa kosa la kupandishwa ndege tu. Watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na Proscovia hakuwa na mtu wa kwenda mahabusu kumwulizia.

"Ni mimi," alisema.

"Unaweza kusimama?"

"Ninaweza."

"Basi simama, tafadhali, wakati tunasoma."

Alisimama. Alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba hawezi, na sasa alitafuta ndani ya mwili wake kila kitu kilichobaki cha yule golikipa wa Muheza. Mwanzoni aliweza. Madaktari waligeuza kurasa. Ganzi ilianza kwenye kidole cha mguu, ikapanda pajani, kisha moto ukashuka kutoka kiunoni kukutana nayo. Alikaza macho kwenye swichi ya taa ukutani. Alijiambia kwamba Proscovia amesimama hivi kwenye jua tangu Januari, na kwamba mtu mmoja akisimama kwa ajili yako miezi yote hiyo, huwezi kushindwa kumsimamia kwa muda wa kusoma karatasi. Jasho lilimtiririka ndani ya hijabu licha ya baridi ile. Hakushika meza.

Daktari hakuwa akisoma tena. Alikuwa akiutazama mguu wa kushoto, uliokuwa umeanza kutikisika wenyewe.

Eugene hakuliona hilo. Aliona ushindi, na ushindi ulimfanya mkarimu.

"Mnaona wenyewe, madam yuko sawa kabisa," aliwaambia madaktari. Akamgeukia Mwajuma kwa Kiswahili. "Wacha nipigie geti yako niwaambie unarudi mchana, huyo anayekushikilia asitoke mapema."

Mwajuma alifungua mdomo. Sauti haikutoka, kwa sababu pumzi yote aliyokuwa nayo ilikuwa inatumika kusimama. Eugene aliweka simu mezani na kuwasha spika, kama mtu anayetaka kila mmoja ashuhudie jinsi kampuni inavyofanya kazi vizuri. Ilipokelewa mara moja. Mlinzi wa geti lile hakuwahi kuiacha simu ilie mara mbili.

"Geti kuu Muaither, salaam alaikum," ilisema sauti changamfu. "Mwajuma anaongea."

Eugene aliitazama simu, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, kama limesahauliwa.

"Mwajuma nani?" aliuliza.

"Mwajuma Shekalaghe, bosi. Kuna shida?"

"Hapana," alisema Eugene taratibu. "Hakuna shida. Kaa hapo hapo getini. Ninakuja."

"Sawa, bosi. Mimi siendi mahali."

Eugene alikata simu na kuichukua. Alikuwa tayari anabonyeza namba nyingine alipofika mlangoni, na Mwajuma alimsikia akilitaja jina la Wesley, kisha neno polisi, kisha hatua zake zikipotea kwenye korido.

Daktari aliinuka, akazunguka meza, akavuta kiti mwenyewe na kukiweka nyuma ya Mwajuma. Akamshika kiwiko.

"Sasa kaa, binti," alisema. "Inatosha."

Mwajuma alikaa. Maumivu yalimwachia kwa ghafla hata akaona aibu. Alitoa simu kwenye mkoba akampigia Proscovia. Ililia bila kupokelewa. Alijua iko wapi. Alikuwa amemfundisha mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kwamba mlinzi mzuri hasimami na simu yake mfukoni. Huifungia kwenye kabati la kibandani mpaka zamu iishe. Namba ya simu ya geti hakuikumbuka; ilikuwa imeandikwa kwenye kile kitambulisho ambacho Proscovia alikuwa amekivaa shingoni.

Akapiga tena.

Daktari alikuwa amerudi kwenye nafasi yake. Alivuta fomu safi, akaandika jina, akainua macho. Aliuliza swali ambalo Mwajuma alikuwa amelingojea tangu Januari, akitaka aambiwe kwa ukweli, ni tangu lini mgongo wake umeshindwa kazi. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Simu iliendelea kulia sikioni mwa Mwajuma, mbali, ndani ya kabati lililofungwa, na nje ya kabati hilo mwanamke mrefu alikuwa amesimama wima kwenye jua, akingoja kama alivyoambiwa.

"Tangu siku ile ya upepo," Mwajuma alisema, na daktari akaanza kuandika.